Mara Mbili, Ongeza Mia

Jumatatu, 2 Machi

Chai, mandazi mawili, goti linauma, kalamu imekubali kuandika. Siku imeanza.

Naandika Kiswahili makusudi. Mke wangu Keji anasoma Kiarabu, watoto wanasoma Kiingereza. Daftari hili naliacha wazi juu ya kitanda na hakuna mwizi wa siri zangu mtaa mzima wa Nyakuron. Shule sikuenda hata siku moja. Herufi nilizisoma ubavuni mwa malori, miaka ile nilipokuwa mpakiaji kule Uganda. Wengine walihitaji mwalimu. Mimi malori yalinitosha.

Saa kumi, darasa la wazee kanisani. Naenda kwa sababu ya chai yao, sukari hawapimi. Mwalimu Nakato, Mganda, anafundisha kwa Kiarabu cha Juba kilichovunjika miguu. Akikwama anakimbilia Kiswahili, na mimi nawatafsiria wenzangu. Bila mimi darasa limekufa.

Leo kaandika x ubaoni. Kasema hiyo ni namba iliyofichwa. Nikamwambia, mwalimu, umeificha wewe mwenyewe, sisi tunaitafutia nini? Lado, rafiki yangu wa zamani, alicheka mpaka chai ikampalia.

Jumatano, 4 Machi

Dada yangu Kiden kaniita kwake Atlabara. Miguu imemvimba, haendi mbali siku hizi. Nimerudi na moyo mzito.

Mama yetu alikufa tulipokuwa tunakimbia vita kutoka Rejaf. Mimi labda miaka saba, Kiden kumi na mbili. Homa, siku mbili, kalas, kwisha. Wajomba walimzika haraka, wakaweka juu yake jiwe lake la kusagia, lile dogo la mkononi, maana hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulibeba. Tukashuka hadi jiwe kubwa la mtoni, mlima wa Rejaf mgongoni mwetu. Nilikuwa nalia kwa sauti, watu wanaogopa tutasikika. Kiden akaninong'oneza, Wani, hesabu hatua, ukihesabu hutalia. Nikahesabu, toka kaburini hadi jiwe la mto. Kumi, kumi, kumi, kwa vidole. Namba niliijua mimi peke yangu. Kiden alikuwa na kilio chake.

Tuliporudi nchini, nyasi zilikuwa zimemeza kila kitu. Tangu hapo tunasimama tu juu ya jiwe la mto, tunautazama mlima, tunaomba, tunasema yuko hapo mbele.

Sasa kuna mama mmoja kapata ile ardhi. Anajenga. Greda inakuja Jumatatu tarehe 16. Leo alikuja kwa Kiden, akakaa kwenye kigoda kama mgeni mwema. Si mtu mbaya. Kasema, Mzee, nionyeshe mahali, nitazungushia uzio. Ila iwe mahali pamoja, sio shamba lote. Ni hatua ngapi kutoka jiwe la mto?

Mia saba, nikasema, kifua mbele. Juba yote inaijua hadithi yangu ya hatua mia saba.

Akafikiri. Akasema mia saba ni kule kwa wafyatua matofali, ng'ambo ya barabara. Basi kaburi haliko kwangu.

Nikachorachora chini kwa fimbo. Kiden aliniangalia sana.

Ijumaa, 6 Machi

Nimeota mama anasaga ulezi. Unga ulikuwa unapanda juu badala ya kushuka, unarudi kuwa nafaka. Nilimuuliza namba. Alisaga tu.

Ukweli niuandike, maana hapa hakuna anayesoma. Haikuwa mia saba.

Uongo wa kwanza niliusema kwenye kambi ya wakimbizi, mwaka ule ule. Watoto walikuwa wanashindana nani katembea zaidi. Kijana mmoja alisema simba alimsindikiza siku tatu. Sikuwa na simba. Nikachukua hatua zangu nikazifanya mara mbili. Kiden alinifinya mpaka nikaruka.

Uongo wa pili ni wa utu uzima, kwenye yadi ya malori. Madereva wanajua kudanganya, wale. Namba yangu ilionekana nyembamba kati yao. Nikaiongezea mia. Ikawa mia saba, nzuri, imejaa mdomoni. Hapo ikakaa. Nimeisema misibani, harusini, sokoni, kwa padri. Nimeisema hadi ile ya kweli ikazama, na mimi sikuisikia ikizama.

Nina aibu. Nimemaliza kuandika, aibu bado iko.

Jumamosi, 7 Machi

Nimejipigia hesabu mwenyewe. Mwalimu wa nini? Nilichofanya nikifanyie kinyume. Nilizidisha mara mbili, basi nagawa kwa mbili. Mia tatu na hamsini. Niliongeza mia, basi natoa mia. Mia mbili na hamsini. Kwisha. Nilijipongeza kwa soda.

Tukachukua raksha, bajaji ya huku kwetu, na Lado mpaka Rejaf, na koleo moja. Kutoka jiwe la mto, uso kwa mlima, mia mbili na hamsini. Hapo tumechimba mpaka jua likatuchukia. Mizizi. Kobe mmoja, kakasirika. Tumechimba kushoto, tumechimba kulia. Hakuna jiwe la kusagia, hakuna kitu.

Lado akakaa ukingoni mwa shimo, akajifuta jasho. Akasema, "Wani, umetudanganya sisi miaka hamsini. Leo umejidanganya wewe."

Nikageuka, nikamrushia kobe maneno makali.

Jumapili, 8 Machi

Sikwenda kanisani. Goti.

Sio goti.

Jumatatu, 9 Machi

Siku saba zimebaki.

Darasani nilimngoja mwalimu Nakato amalize na wengine. Nikamwambia, kuna mzee mmoja, simtaji, mwongo mkubwa, alichukua namba akaifanya mara mbili, kisha akaongeza mia, ikawa mia saba. Asaidiweje? Akasema, "Huyo mzee ana goti bovu?" Mtoto mkorofi huyu. Angekuwa binti yangu ningejivuna.

Kaandika ubaoni: 2x + 100 = 700. Nilitazama maisha yangu yote pale, kwa chaki, mstari mmoja.

Nikamwonyesha nilivyogawa, kisha nikatoa. Hakusema nimekosa. Aliniuliza, "Mzee, umepakia malori miaka mingapi?" Nikasema mingi kuliko umri wako. Akasema, "Gunia gani linashuka kwanza?"

Lililopanda mwisho. Kila mtu anajua.

Akanitazama tu, chaki mkononi.

Mungu wangu. Mia ndiyo ilipanda mwisho. Mia ishuke kwanza! Zinabaki mia sita. Sasa ile mara mbili iko peke yake, igawe. Mia tatu. Mimi nilikuwa nimevuta gunia la chini na la juu bado liko. Kwenye yadi nimeona mtu akivunjika mguu kwa kosa hilo. Nilimcheka, nikamwita mshamba.

Mwalimu kasema nisiamini bado. Rudisha magunia garini, uone kama mzigo ni ule ule. Mia tatu mara mbili, mia sita. Ongeza mia, mia saba. Gari limejaa sawasawa. Ile yangu ya Jumamosi: mia mbili na hamsini mara mbili, mia tano, ongeza mia, mia sita. Mia moja imepotea njiani. Ningeijaribu kabla ya kuchimba, kobe angelala usingizi wake.

Nikamshika mwalimu mkono, kwa mikono yangu yote miwili. Akaniuliza kwa upole, hizo ni hatua za nani?

Hakuna mtu anayejua kuzima furaha ya mwenzake kama walimu.

Jumanne, 10 Machi

Hatua za mtoto wa miaka saba. Huyo mtoto simpati tena. Miguu yake ilikuwa kama mabua ya mtama. Nilipokuwa kijana hatua yangu moja ilivuka mfereji, waulize. Mia tatu za nani sasa? Jumamosi nilitembea kwa kiburi, nimenyoosha mguu kama askari.

Nimelala mchana. Nimeota nahesabu kinyumenyume, na kila namba ninayoitaja nafupika kidogo. Nilipofika moja nilikuwa nabebwa mgongoni.

Jumatano, 11 Machi

Nimekwenda kwa Kiden kumwambia yote. Pamoja na uongo wa yadi, ambao hakuujua. Nilitegemea kufinywa.

Aliniona nikiingia uani kwa fimbo, nikiburuta huu mguu. Akaanza kucheka, dada yangu, mpaka machozi. "Rudi getini," akasema. "Tembea tena." Nikarudi, nikatembea. Akasema, "Hivyo hivyo. Ulikuwa unatembea hivyo hivyo siku ile, unaburuta mguu kwa sababu ya mwiba."

Goti limenirudisha kwenye hatua za yule mtoto. Miaka imenirefusha, miaka imenifupisha. Wala sikuomba.

Kisha akanifinya.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Ya kwanza, na mapema. Inapiga bati kama watu elfu wanapepeta dengu. Dereva wa raksha kasema Rejaf hakupitiki. Nimempigia yule mama wa kiwanja. Greda haingoji, kasema, imekwisha kuagizwa. Malesh, pole, mzee.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua. Sijala vizuri. Keji kauliza naandika nini kila siku. Nikasema barua za mapenzi. Akasema basi niandike kwa lugha anayoijua.

Jumamosi, 14 Machi

Jua. Tulikwama mara mbili, tukafika.

Kiden alikataa kubaki nyumbani. Tulimkalisha juu ya jiwe la mto, khanga kichwani, miguu yake iliyovimba ikining'inia kama ya msichana. Mto ulikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mlima umeoshwa, uko karibu, kama umesogea kuangalia.

Nilianza. Fimbo, mguu, fimbo, mguu. Kumi, kumi, kumi, kwa vidole. Sikunyoosha, sikujivuna. Lado alinifuata nyuma na koleo begani. Shimo letu la Jumamosi iliyopita, la hatua za askari, nililiona bado liko mbele. Limejaa maji, na ndani yake kuna wingu linatembea. Nikasema mia mbili na hamsini, nikaendelea.

Mia tatu.

Hakuna kitu. Matope na nyasi changa.

Nilisimama. Kichwa changu kilikuwa kitupu kabisa, kama kibuyu. Sikutaka kugeuka Kiden anione uso. Nikaenda tu mbele, kwa kukosa pa kwenda. Moja, mbili, tatu, nne, na kidole cha mguu kikagonga jiwe.

Mvua ilikuwa imeshaliosha nusu. Dogo, la kijivu, upande mmoja laini kama sabuni. Niliinama, goti likalia, nikaweka kiganja changu juu yake. Kuna bonde dogo pale, la kiganja. Si la mkono wangu.

Nilisahau kuita. Lado ndiye aliyemwita Kiden, na kutoka mtoni nikamsikia akianza wimbo wa mama, ule aliouimba akisaga. Sauti imekauka, maneno yote yapo.

Yule mama wa kiwanja alikuja jioni na vigingi vinne na kamba. Alivipigilia mwenyewe, viatu mkononi. Akaacha nafasi kubwa kuliko tuliyoomba.

Jumatatu, 16 Machi

Chai. Goti. Keji kasema greda ilipita asubuhi kuelekea Rejaf, kaiona barabarani. Sikuenda kuangalia. Kamba iko.

Darasani kuna mzee mpya, katoka Yei. Lado alimwambia huyu Wani ana hadithi, muulize ni hatua ngapi. Wazee wote wakanigeukia, wameshaanza kutabasamu.

Mia tatu na nne, nikasema.

Lado alinitazama, anangoja niongeze. Nikaomba sukari.