Chandarua cha Ukungu

Wakesho, shoga yangu,

Niko dukani kwa Baba, mlango nimeurudisha nusu kwa sababu ya vumbi la malori, na sijui nianze na salamu gani. Kukuuliza u hali gani naona haya. Basi nikueleze yaliyotokea, maana yametokea kwa ajili yako, nami siyaelewi.

Wiki chache baada ya matanga yako, mama yako alishuka kutoka Sagalla akaja hapa. Nilimpa kiti, akakataa kukaa.

"Zuhura mwanangu, nitolee chandarua kikubwa."

Nikamuuliza kama mbu wamepanda mpaka mlimani siku hizi.

"Si cha mbu," akasema. "Cha ukungu. Si Wakesho alitusomea?"

Hapo nikakumbuka. Kazi ikiisha pale ofisi ya mkonge, bosi wako akikuruhusu, ulikuwa ukiunganisha kompyuta na laini ya simu, inalia kama paka aliyebanwa mkia, halafu unaanza kuzurura duniani. Ukikuta jambo la ajabu unaliandika kwa Kiswahili kwenye ukurasa wako wa intaneti, Njoo Uone. Na kwa kuwa kwenu hakuna aliyewahi kuiona hiyo intaneti, ulichapisha nakala ukawasomea watu Jumapili, wakitoka kanisani. Siku moja ukawasomea habari za watu wa nchi kavu ya mbali wanaotundika nyavu mlimani, ukungu ukipita unaacha maji.

Lakini Wakesho, uliwasomea pia habari za ndege anayelala huku anaruka! Tulibishana juu ya ndege huyo mpaka chai ikapoa, kumbe ni kweli. Na yule paka anayejua hesabu? Msomaji mmoja alikuandikia kwamba ni uongo, ukacheka, ukaandika, "Nimedanganywa, nanyi nimewadanganya, poleni." Sasa habari hii ya ukungu ni ya ndege au ni ya paka? Wewe ndiye ungeniambia. Homa ilikuchukua kabla hata daktari hajasema ni homa gani.

Nilimpa mama yako chandarua, nikapanda naye. Kaka yako Mwakio alichimbia miti miwili juu ya shamba, tukakifunga kikatanda kama nguo iliyoanikwa. Chini akaweka bati alilolikunja, na ndoo. Asubuhi ya kwanza, ndoo kavu. Asubuhi ya pili ukungu ulikuwa mzito, chandarua kikalowa chepechepe, na ndani ya ndoo mlikuwa na maji ya kutosha chai ya watu wote nyumbani. Mama yako aliyaonja kwa kiganja, akakaa chini palepale kwenye umande. Sikujua kama analia au anacheka. Nami sikujua nifanye lipi kati ya hayo.

Habari zikatangulia kufika kabla sijashuka. Wanawake wa Sagalla, wale wanaoteremka na madumu kutafuta maji, wakaja dukani wakitaka vyandarua. Nikawaambia wangoje kwanza. Wakadhani nawafichia. Baba akanigombeza: "Mteja akitaka chandarua, uza. Tangu lini tunamuuliza anakwenda kukifanyia nini?" Lakini ningeuzaje, Wakesho, ilhali ukungu ulipotea tangu siku ile? Chandarua kilining'inia kikavu, mbuzi wa jirani akakitafuna pembeni. Mmoja akasema huo ni uongo wa Wazungu. Mwingine akasema yale maji uliyatuma wewe. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mama yako alilisikia, akaniuliza kama habari ile ni ya kweli.

Nikaenda kumwomba bosi wako. Akanifungulia ofisi, akatoka nje bila kunitazama. Neno la siri nililijua, ulinipa mwenyewe. Ukurasa wako uko vilevile, na kuna mtu aliyeuliza, "Dada, mbona kimya?" Nikakaa mbele ya kile kioo. Nikaandika: "Anayeandika si Wakesho. Wakesho amefariki. Haya hakuyatoa mbali, yametokea kwao Sagalla." Nikaeleza miti, bati, ndoo, maji ya chai, na siku zote zilizokuwa kavu. Na mbuzi pia nikamtaja.

Juzi nilirudi, nikakuta majibu. Mtu nisiyemjua anasema chandarua cha mbu matundu yake ni madogo mno, tutafute wavu wa kivuli, ule wa kufunikia miche, tuukunje mara mbili, tuutundike ukingoni kabisa upepo unakopanda, pale miti ilipoota ndevu, zile nyuzi zinazoning'inia matawini penye ukungu mwingi. Anayajuaje? Sijui. Amemalizia, "Asante, Wakesho." Nilikwisha kumwambia umekufa, bado anakushukuru wewe. Sikumsahihisha.

Wavu huo nimeuagiza Mombasa. Mwakio ameshapata mahali penye miti ya ndevu. Mama yako haulizi tena kama habari ile ni ya kweli. Akiamka anatoka nje, anatazama upepo unatoka wapi.

Lala, shoga yangu. Huko uliko, kama kuna ajabu, zitazame kwa niaba yangu. Mimi za Sagalla nitaziandika kwenye ukurasa wako kama zilivyo. Ndoo ikijaa nitasema imejaa. Ikiwa kavu, nitasema kavu.

Wako,
Zuhura