Simu Uliyoipokea Wewe

Matrah, Jumamosi, 21 Februari 2004

Kaka yangu Amur,

Assalaam alaykum. Mama tumempoteza Jumatatu ya tarehe tisa mwezi huu, na mimi nimempoteza tena juzi Alkhamisi, mbele ya televisheni yake mwenyewe. Kwa msiba wa kwanza tulipokea pole pamoja. Huo wa pili huujui, au labda unaujua, ndiyo maana nnakuandikia.

Natumai umefika Salala salama na kikohozi kimekupungua. Sisi huku hatujambo. Shangazi Nasriya hataki kurudi kwake Al Amerat, anasema nyumba ya msiba haiachwi, na kila asubuhi ananisimamia mpaka nile. Nimekupigia simu mara nne, kila mara unampa mkeo. Barua hii isome mwenyewe.

Unajua tulivyoachana mimi na Mama. Baba alipofariki mwaka tisini na sita, nilikuwa London, nna miezi minne tu kwenye ile ofisi ya kuwachagulia Waingereza waigizaji wa tamthilia zao za televisheni. Kazi yangu ilikuwa kupika chai na kubandika majina kwenye kanda. Nikaomba ruhusa, nikaambiwa nikiondoka nisirudi. Nikabaki. Mama akasema nimechagua, na toka siku ile hakuja kwenye simu. Nikipiga Ijumaa, nikipiga Idi, jawabu moja: Mama anasali. Nimepanda kutoka kwenye chai mpaka ofisi yenye jina langu mlangoni, hakuna aliyenishika mkono, na miaka yote hiyo Mama anasali. Nilimwambia mkeo mara moja kwamba mwanamke huyu ana rakaa nyingi kuliko msikiti mzima. Alicheka. Mimi nilikuwa sichekeshi.

Mwaka jana nikapewa tamthilia ya familia ya Kiomani iliyorudi kutoka Unguja. Nikahitaji bibi mmoja mwenye Kiswahili chetu. Sikuja mwenyewe, nilimwajiri Rahila, binti wa hapa hapa Maskati, awarikodi wanawake kisha aniletee kanda. Nilimpa sharti moja, asivuke miaka sitini na tano, kwa kuwa watu wa bima hawakubali. Wakajiandikisha themanini na tatu. Kanda zilizonifikia ni sitini na moja, na sikuuliza nyingine ziko wapi. Mimi, nnayehesabu kila kitu.

Alkhamisi Rahila alikuja kunipa pole. Kuiona picha ya Mama kabatini akaweka kikombe cha kahawa chini, akasema bibi huyu anamjua. Akanieleza kwamba waliovuka umri hakuweza kuwarudisha mlangoni. Mtu mzima kajifukiza udi, kaja kwa miguu yake, utamwambiaje umezeeka, nenda zako? Akawapa kahawa na halua, akawarikodi kama wengine, kanda zao akabaki nazo. Baada ya Idi aliwapigia simu mmoja mmoja, na ili asimtajie mtu umri wake, akawaambia wote kwamba mwenyewe wa London kakutazama, lakini safari hii hapana. Alidhani ndiyo heshima. Siwezi hata kumlaumu, ndivyo tulivyolelewa sote.

Akaenda kuileta kanda, tukaitazama kwenye televisheni ya Mama. Mama kakaa kitini, mkoba mapajani, kajiandikisha kwa jina la bibi yake. Rahila anamwomba ajifanye anazungumza kwa simu na mtoto wake aliye mbali. Hivyo ndivyo nnavyowapima wasiozoea kuigiza, nilimfundisha mimi. Mama anatoa kibweta cha miwani, anakiweka sikioni. Anasema Mahfudha, ni mimi, nilikuwa nasali, sasa nshamaliza. Anaitikia kwa kichwa kama anayejibiwa. Anauliza baridi ya huko, anauliza nani ananipikia. Anasema la Baba limekwisha, njoo nyumbani. Kisha anakirudisha kibweta mkobani na kumwuliza Rahila kama mwenye kazi ataiona kanda hii kwa macho yake. Rahila anasema lazima, bibi. Rahila alikuwa akiwatajia wote jina langu kwa kujivunia, akadhani Mama kalitumia kwa mchezo. Mimi nimeishi kwa kutazama watu kwenye kanda, Kaka. Mama hakuwa akiigiza.

Sasa sikiliza lililonikalisha macho wazi. Rahila anaikumbuka simu aliyopiga nyumba hii. Hakupokea Mama. Alipokea mwanamme, anakohoa kila baada ya maneno mawili, akasema Mama anasali, atamfikishia. Idi ile ulikuwa likizo hapa.

Kama ulimfikishia, Mama kafa akiamini nimemtazama usoni nikasema hapana. Kama hukumfikishia, kafa akingoja simu yangu. Lolote katika hayo nitalibeba, lakini siwezi kuyabeba yote mawili pamoja. Nataka kujua langu ni lipi.

Shangazi anakusalimu, anasema uvae kitu kifuani. Nisalimie wifi na watoto. Ndege yangu ni Ijumaa ijayo usiku. Nnataka jawabu lako kabla ya sala ya Ijumaa hiyo, tarehe ishirini na saba: ulimwambia, au hukumwambia? Piga mwenyewe, nitapokea mwenyewe. Na usimpe mkeo aniambie kwamba unasali.

Mdogo wako,
Mahfudha binti Saeed