Shanga Zako Nimezipeleka Kisiwani

Mama, shikamoo.

Ni mimi Magdalena, mwanao mwalimu. Nimerudi Katesh kutoka Italia mwezi uliopita. Ule mwaliko wa maonyesho ya kazi za mikono uliousubiri ukiwa kitandani ulifika tukiwa tumeshakuzika. Mdogo wako, mama mdogo, akasema, "Nenda wewe. Beba vazi lake." Nikaenda nalo, lile la ngozi ulilolishonea shanga mwaka mzima.

Ulikuwa ukiniuliza, "Hizi shanga nani anazitengeneza?" Nami nakujibu harakaharaka, "Kiwandani." Sasa nimeona, Mama. Zinatengenezwa kwenye kisiwa kidogo huko Italia, palepale penye maonyesho. Kimya. Hakuna gari wala pikipiki, unasikia viatu vyako mwenyewe. Mzee mmoja aliingiza bomba refu la chuma kwenye tanuru, akatoa donge la kioo jekundu kama kaa la moto, akalipuliza taratibu huku analizungusha. Likavimba. Nikajikuta nimesema "Shikamoo" kwa sauti, watu wote wakanigeukia. Ungecheka.

Pembeni yake alikaa bibi mmoja akiyeyusha kijiti cha kioo kwenye moto, anakizungusha juu ya waya mpaka kinakuwa ushanga. Mmoja. Halafu mwingine. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Wenye maonyesho waliniomba niwaachie vazi walitunze kabatini. Nikuambie ukweli, nilikubali. Nilijiambia huko halitaliwa na mchwa, na mimi nyumbani silivai. Tulipolitandaza mezani, yule bibi wa shanga akapitisha kidole ubavuni, akakuta mahali shanga zimedondoka. Akauliza, mkalimani akanitafsiria: "Kwenu nani anarekebisha hapa?"

Aliyekuwa akirekebisha ni wewe, Mama. Miaka yote ulikuwa ukiniita, "Njoo walau ushike sindano," nami nasema nasahihisha madaftari. Kila siku madaftari. Nikalia mbele ya wageni. Bibi yule alinivutia kiti akanishika mkono mpaka nikatulia. Kisha nikalikunja vazi, nikawaomba radhi, nikasema linarudi nyumbani.

Sasa kila Jumamosi napanda bodaboda kwenda kwa mama mdogo kule uwandani. Hanihurumii. "Fumua," ananiambia. Nafumua. Juzi nimemaliza safu moja ambayo hakuniambia niifumue. Akaitazama muda mrefu, akasema tu, "Mama yako naye alianza hivi, imepinda." Tukacheka wote wawili.

Mdogo wangu Neema anaolewa baada ya mavuno. Atalivaa vazi lako. Nakuahidi hatalivaa likiwa na pengo, na nikikosea nitafumua mwenyewe, bila kuambiwa.

Pumzika, Mama. Ardhi ikubebe vizuri.

Mwanao,
Magdalena