Wote Wana Ndevu

Shoga, uko? Pleko wa wifi yangu, wale samaki wake wa kufuga, wametaga! Wale wa kahawia niliowacheka dukani, nikasema hao samaki au vijiti!

Nimeitwa nikaone. Dume kajibanza kwenye chungu ndani ya tangi, anapepea mayai kwa mapezi. Na mimi niliyechagua wa manjano, mwaka mzima hata yai moja!

Roho ikaniuma, nikamleta wifi aangalie wangu. Kainama kwenye kioo cha tangi. Halafu: "Wifi, mbona wote wana ndevu?"

WOTE WANA NDEVU. Kumbe ndevu ni za madume! Na mimi niliwachagua kwa hizo hizo ndevu!

Eti atanigawia vitoto. Nimekataa.

Sasa nawatazama. Kila bwana analinda chungu chake kitupu, kwa wivu kweli kweli. Usicheke.