Daraja Kabla ya Salamu

Mtaa wa Kwa Waswahili, Rumonge
Jumatano, 12 Aprili 1972

Mpendwa Mjomba Uledi,

Amuri yuko hai. Naanza na hilo kabla ya salamu, na ukifika chini ya karatasi utajua kwa nini. Mwanao amevunjika mbavu mbili na ameshonwa kichwani, lakini yuko nyumbani kwake, anakula na anagombana na watu.

Sasa assalam aleikum, Mjomba. Miguu yako imepona? Mama Zena anaendeleaje na kile kikohozi? Huko Ujiji mvua inawaonea kama sisi? Huku tuko, tunamshukuru Mungu.

Unamkumbuka patroni wetu, Bwana Lukeba, yule wa mawese. Magari yake matatu yanashusha mapipa toka milima ya Kigwena, na njia zenyewe ni matope na magogo. Alisema hatupandi tena bila redio za kuongea gari kwa gari, akaazima aina mbili Bujumbura tuzijaribu. Moja ni kubwa, inafungwa chini ya usukani, inakula betri ya gari, na iko na antena ndefu. Nyingine ni ya mkononi, inatumia mawe ya tochi. Kubwa inavuka vilima, unamsikia mtu utadhani mmekaa mkeka mmoja. Ndogo, kilima kimoja tu, imekuwa bubu. Nikamshauri patroni tufunge kubwa. Nilijifanya fundi, mimi!

Juzi Jumatatu nilikuwa mbele, Amuri wa pili, Kalume nyuma kabisa na kamba. Nilipovuka daraja la magogo nilisikia gogo linahama chini ya gurudumu. Nikapita kona, nikasimama, nikashika mikro ya redio nimwambie Amuri asiingie.

Mjomba, sikia nilichosema. Nilisema: "Amahoro, Amuri. Umeamkaje, mdogo wangu? Asiya hajambo? Mutoto homa imeshuka?" Wallahi! Ndivyo mlivyotulea, humrukii mtu na habari mbaya kama asiye na kwao. Halafu nikangoja ajibu, kidole bado kimebana kitufe. Wewe uliyekaa na redio ya meli miaka kumi na minane unajua, ukibana husikii. Naye kumbe alibana anijibu kwamba nyumbani wote wazima. Maneno yangu yalipofika kwenye habari ya daraja, hakuna aliyenisikia.

Nilirudi mbio kwa miguu. Gari limelala ubavu mtoni, usukani umembana, maji yako kifuani. Redio yake ilishakufa pamoja na betri. Ili nimwite Kalume alete kamba ilibidi nimwache Amuri peke yake, ameng'ang'ania mlango, nikimbilie redio ya gari langu. Ningekuwa na ile ndogo mkononi nisingemwacha. Kalume sikumsalimia.

Sasa patroni anachagua Jumapili, aina moja tu, na Jumatatu tunapanda. Amuri naye anapanda. Tumemkataza, mkewe Asiya amelia, hasikii la mtu. Kubwa inafika mbali lakini inakufa na gari, tena askari wa bariyeri za barabarani wameanza kuuliza antena hiyo inaongea na nani ng'ambo ya ziwa. Siku hizi swali kama hilo linamtia mtu ndani. Ndogo inatoka na mtu majini, ila kilima kinaimeza. Mimi sijiamini tena, Mjomba, na ni mwanao atakayeibeba.

Jana nilikwenda kumwona. Nilisimama mlangoni kama mjinga, naogopa hata kusema amahoro. Akacheka huku ameshika mbavu: "Yaya Radjabu, kaka yangu, leo hunisalimii?" Nililia mbele ya mkewe, sikuona aibu.

Nisalimie Mama Zena, dada Sikujua na wanawe wote. Asiya anakuamkia, na mutoto homa imeshuka kweli. Mungu awafunike nyinyi ng'ambo hiyo, na sisi ng'ambo hii atutazame.

Assumani anayekuletea barua hii anaondoka na mashua mchana huu, anarudi Jumamosi. Mpe jibu. Mstari wa kwanza uwe redio, kubwa au ndogo. Salamu zifuate. Na kama hujanisamehe, hilo liandike mwisho kabisa.

Mpwa wako, bado akupendaye,
Radjabu