Kidude cha Kiunoni na Viti vya Nyamitanga

Mama yangu mpendwa,

Kabla ya yote niambie habari za goti lako. Limekubali kupanda hadi kanisani, au bado unaimba nyimbo zako ukiwa barazani? Na mihogo, mmeivuna salama? Wifi anayekusomea barua hii asome polepole, asiruke mahali panapohuzunisha. Huwa unajua akiruka. Neema hajambo. Tuko naye na shangazi yake katika nyumba yetu ya kambi ya Nakivale, anasoma, na sketi ya shule imeshakuwa fupi. Mimi pia ni mzima, isipokuwa miguu. Habari ya miguu ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Unakumbuka kazi yangu ya ukalimani pale Base Camp, hapahapa Nakivale, kwenye ofisi zinazosikiliza wakimbizi. Zilikuwa vyumba vya udongo vilivyotawanyika kama kuku. Faili ziko huku, muhuri uko kule, maji yako langoni, na wanaongoja wako kibandani ng'ambo ya uwanja. Kutwa nilitembea nikiita majina. Jioni marehemu Baba Neema alikuwa ananivua viatu, anavigonga kwenye mwimo wa mlango, vumbi linamwagika, anasema, "Leo umeniletea shamba lote."

Miezi mitatu baada ya kumzika, nilihamishiwa ofisi ya mjini Mbarara, upande wa Nyamitanga, nitafsiri maelezo ya watu kwenye kompyuta; Neema akabaki na shangazi yake. Majirani walinipongeza. Mimi, Mama, nilikitilia shaka kile kiti tangu siku ya kwanza. Kina magurudumu, usishtuke, si cha wagonjwa. Ukitaka faili unasukuma sakafu kwa kidole cha mguu, umefika. Printa iko kwenye kiwiko, birika la umeme liko mgongoni. Bosi wetu, Mnyankole mpole, akitaka kuniuliza neno moja hatoki chumba cha pili, anapiga simu. Nilijiuliza: anayekupa starehe yote hii anataka nini kwako? Maana mimi kukaa kutwa nilikuwa nimekaa mara moja tu, kwenye mkeka wa matanga. Sasa nikawa nakaa hivyo Jumatatu hadi Ijumaa, wala hakuna aliyekufa. Jioni miguu imevimba, viatu havivuliki, na hakuna wa kuvivuta.

Kisha zikaja habari mbili pamoja. Ya kwanza: wakalimani wa Kiswahili tuko wawili, mimi na Papa Elias wa Uvira, na mwisho wa mwaka atabaki mmoja. Nilimwaza Neema, usingizi ukaniruka. Ya pili: wiki ileile walikuja vijana wawili wa chuo, mvulana na msichana, na mkoba wa vidude vyeusi, kila kimoja kama kiberiti. Tuvifunge kiunoni siku saba, wakasema. Vinahesabu hatua, na wao wanataka kujua jinsi ofisi inavyowafanya watu wakae au wainuke.

Papa Elias alinivutia dirishani. "Mama Neema, banatuhesabu."

"Hatua tu, Papa Elias."

"Hatua! Uliona fasi gani mukimbizi anahesabiwa bure? Mwenye hatua kidogo ni muvivu. Banamufukuza."

Dada wa mapokezi, Mganda, akadakia: "Wewe nafikiri mubaya. Mtu natembea mingi, si yeye hapana kaa kwa meza yake? Huyo ndio nafukuzwa."

Basi ofisi ikagawanyika. Papa Elias alikwenda chooni mpaka mlinzi akamwuliza kwa heshima ya huku, "Ssebo, tumbo nauma?" Dada wa mapokezi alikaa kama jiwe la kusagia; hata kalamu ikianguka aliiacha. Mimi nilikukumbuka wewe, Mama, usivyokubali mtu ahesabu watoto wako kwa kidole. Kila nikikigusa kile kidude nilihisi nimebeba sikio la mtu mwingine.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuondoa matanga ya Baba Neema, ambayo kwetu hungoja miezi, nikaenda Nakivale tangu Ijumaa jioni. Desturi unaijua: mjane anainuka kwenye mkeka, anafagia uwanja, anachota maji kwa mikono yake, anapita nyumba kwa nyumba kuwashukuru waliokaa naye. Kabla ya kushika ufagio nikawaza: kidude kitasema Mama Neema kazini hasogei, ila kwenye mambo yake ana nguvu za ng'ombe. Nikakifungua, nikakificha chini ya mkeka. Nilitembea hadi jua likashuka. Nyumba ya mwisho walinipa maziwa, nikayanywa nimesimama.

Vijana waliporudi walivisoma vidude mbele ya bosi. Msichana akanitazama kwa huruma na heshima. "Nyabo, Jumamosi hukusogea kabisa. Ulikuwa mgonjwa?"

Papa Elias akanikanyaga chini ya meza, yaani nikubali. Ningekubali, yangekwisha. Lakini ile ilikuwa siku ya mume wangu. Kuiita ugonjwa kulinishinda. Nikasema, "Siku ile nilitembea kuliko siku zote za mwaka huu. Nilikivua kwa sababu nilidhani mnatafuta wa kufukuza."

Bosi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kumbe nyinyi yote naogopa?"

Msichana akasema ofisi nzima inakaa kama iliyofungwa kamba, isipokuwa Papa Elias.

"Huyu?" bosi akasema. "Mimi nafikiri yeye nahara."

Kesho yake printa ikapelekwa mwisho wa ukumbi, birika likavuka uwanja, na bosi akaanza kuja kwa miguu kuuliza maneno yake. Papa Elias akaninong'oneza, "Sasa banatuchosha, tuache kazi sisi benyewe."

Wiki mbili baadaye bosi alikuja hadi mezani pangu. Papa Elias atabaki Nyamitanga. Mimi nirudi Base Camp, kazi ileile. Alisema barua ya uhamisho ilitoka kabla ya vidude, na kwamba kule wanataka mwanamke, maana wanawake wengine hawawezi kusema yaliyowapata mbele ya mwanamume. Labda ni kweli. Labda ni kile kidude. Sijamwamini, wala sijamchukia. Papa Elias anasema nimeadhibiwa kwa kusema ukweli, na anayasema hayo akijizungusha kwenye kiti chake.

Nilianza Jumatatu. Wifi, hapa usiruke. Jana jioni nilikaa mlangoni kwetu, nikashika kiatu kwa mikono miwili, nikajikaza kukivuta. Kikatoka chenyewe. Nikakigonga kwenye mwimo, palepale alipokuwa anagonga yeye. Mti wa mwimo una shimo dogo hapo. Vumbi likamwagika. Neema akausikia mlio, akatoka ndani mbio, akasimama, akaona ni mimi, akarudi.

Nisalimie mjomba mwenye mbuzi wabishi, mchungaji aliyenibatiza, na jirani yako mama wa mapacha. Na hilo goti, Mama, usilikalie. Lipeleke kisimani hata bila ndoo.

Ni mimi binti yako, ninayekuombea kila nikivuka uwanja,
Mama Neema