Ndani ya Mashine Hatusalimu

Mama,

Sasa hivi Nyemo ameisalimia picha yako kwenye simu yangu. Ameinama, goti nusu, "Shikamoo, bibi," halafu akasubiri aitikiwe. Nikamwitikia mimi, marahaba, kwa sauti kama yako. Hakudanganyika.

Tuko hospitali, kwenye benchi la korido. Tangu tukuzike kule Mvumi kifafa chake kimezidi, wiki haipiti bila kumwangusha. Wanataka kumpasua kichwa upande wa nyuma, kifafa kinakoanzia. Lakini daktari anasema hukohuko nyuma ndiko mtu anakoonea, macho yanapokea tu. Sikujua, Mama. Kwa hiyo wanamlaza kwenye mashine, wanamwonyesha picha, wanaangalia ni wapi kwenye ubongo panaamka. Hapo kisu kisiguse. Wakikosea, mtoto wangu haoni tena.

Picha moja ni duara la miraba myeusi na myeupe, linazunguka polepole. Nyemo alisema, "Ungo wa bibi," akatulia, akakazia macho kile kidoa cha katikati kama alivyoambiwa. Hiyo ilikubali. Nyuso ndizo zimetuponza. Waliniambia nilete za watu anaowajua, nikaleta yako, ya mjomba, ya mchungaji. Jana kila uso ukitokea, yeye anainamisha kichwa: shikamoo. Humo kichwa hakitakiwi kusogea hata kidogo, vipimo vyote vikaharibika. Kijana wa mashine akasema, "Mama Nyemo, mwanao ameisalimia mashine mara kumi na mbili, na haijamwitikia hata moja." Nikacheka. Halafu nikaenda chooni nikalia.

Si ni wewe, Mama? "Inama kwanza, ndipo useme." Ulimfundisha huku unapepeta uwele, akawa anawasalimia hadi kuku.

Leo nimeambiwa nichague upya. Nimeweka watoto wenzake, hao hawaamkii. Yako nimeitoa. Nikairudisha. Nimeitoa tena. Nimemwambia, "Ndani ya mashine hatusalimu." Akaniuliza, "Hata bibi akija?" Nikasema hata bibi akija. Usinikasirikie. Adabu uliyompa sijaifuta, nimemwomba tu aiweke pembeni kidogo. Ungo wako nimeutundika ukutani, nataka auone mpaka awe mtu mzima.

Mlango umefunguliwa, wanaita, "Mama Nyemo, ingieni." Moyo unaniambia leo atatulia. Pumzika, Mama. Tukimaliza haya yote nitamleta kaburini kwako, ainame mpaka chini, aseme yote aliyoyazuia humo ndani, na marahaba nitaitikia mimi, kwa sauti kama yako.